Pikipiki ya maji ya kuvulia: anza na ngama, fimbo baadaye

Pikipiki ya maji imeundwa ikimbie, na mvuvi anataka itulie. Karibu kila hitilafu ya chombo kilichogeuzwa kuwa cha uvuvi inaanzia hapo. Injini ikizimwa, maji ya ndani hayatoki, betri haichajiwi, na mtu akiinama upande mmoja chombo kinalala. Kwa hiyo vishikio vya fimbo za kuvulia vingoje kwanza.

Pikipiki nyingi hutoa maji ya ngama (sehemu ya chini ndani ya chombo, maji yanapokusanyika) kwa kufyonzwa na mkondo wa jeti, yaani maji yanayorushwa nyuma kusukuma chombo, na ufyonzaji huo una nguvu chombo kikiwa mwendoni tu. Ukielea kwa muda wa saa tatu, kila tone lililoingia linabaki humo. Funga pampu ya umeme ya volti 12, ya takriban lita 1,900 kwa saa, mahali pa chini kabisa kuelekea tezi (nyuma ya chombo), pamoja na swichi ya boya inayoiwasha yenyewe. Mpira wa kutolea maji upandishe kama upinde kabla ya kuutoa nje, na tundu lake liwe juu ya usawa wa maji. Ukiulaza, maji ya nje yatarudi kwa njia ile ile.

Betri ni ndogo, na injini ikigoma hakuna kamba ya kuvuta wala kasia. Sona (kifaa kinachoonyesha kina na samaki kwa mawimbi ya sauti) na redio zikila ampea moja na nusu kwa saa nne, zimemaliza ampea-saa 6, karibu theluthi ya betri ya ampea-saa 20. Napendelea betri ya pili ya lithiamu, ampea-saa 7 hadi 12, kwa ajili ya vyombo vya elektroniki peke yake. Kila waya uwe na fyuzi yake karibu na betri; kwa sona ndogo, fyuzi ya ampea 3 kwa kawaida inatosha.

Kichwa cha sona, kinachotuma na kupokea sauti, ndicho kinachowasumbua wengi. Kikifungwa nje kwenye tezi, mapovu ya jeti huvuruga picha. Dawa yake ni kukigandisha ndani ya bodi, mbele ya tundu la kunyonyea maji, ambako maji yanayopita chini bado ni safi. Faibaglasi hapo iwe ngumu tupu. Penye povu au mbao katikati ya tabaka, sauti haipiti. Jaribu kwanza: paka mafuta ya mgando chini ya kichwa, kibandike, nenda majini, ulinganishe kina na kipimo cha kamba yenye risasi. Picha ikiwa nzuri, piga msasa, futa kwa spiriti, mimina epoksi iliyokorogwa polepole, kisha kandamiza kichwa huku ukikizungusha ili hewa itoke. Kapovu kamoja tu kakibaki chini yake, kazi imeharibika. Acha saa 24. Kipimo cha joto sasa kitasoma joto la bodi, wala si la maji, na sona ya kuangalia pembeni haitafanya kazi. Bodi za plastiki hazishikani vizuri na epoksi. Kwa hizo tumia kishikio cha nje.

Sasa uzito. Kasha la barafu hukaa nyuma, na likijaa samaki, omo (mbele ya chombo) huinuka na chombo huanza kurukaruka. Watengenezaji wa pikipiki za maji Sea-Doo walipotoa Fish Pro ya 2019, pikipiki ya uvuvi, walirefusha jukwaa la nyuma, kisha wakaweka juu yake kasha la lita 51. Kwenye pikipiki ya kawaida tumia kasha dogo, na dumu la mafuta liwe chini kadiri iwezekanavyo. Vishikio vya fimbo za kurambazia (kukokota chambo chombo kikiwa mwendoni) viinamie nje ili mishipi isipishane. Kila bolti iwe ya chuma cha pua, na bamba pana kwa ndani na silikoni ya baharini tunduni.

Nanga ifungwe omo tu. Ikifungwa kwenye tezi, wimbi linapanda juu ya jukwaa na kuvuta chombo chini. Kamba iwe angalau mara tano ya kina. Usiwashe injini kamba au mshipi ukiwa umelegea karibu: jeti itaunyonya na kuuzungusha kwenye shafti, na hapo hutarudi nyumbani kwa nguvu zako. Weka kisu kwenye jaketi la kuokolea, pamoja na redio isiyoingiza maji.

Mafuta yagawe matatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba.

Ukirudi, suuza injini kwa maji baridi, yasiyo na chumvi. Washa injini kwanza ndipo ufungue bomba. Ukimaliza, funga bomba kwanza ndipo uzime. Ukigeuza mpangilio huo, maji yanaweza kuingia kwenye silinda.