Siku Moja Maishani Mwangu: Siku ya Nne ya Kujifunza Kukagua Wasambazaji

Saa 11:30 alfajiri. Nimeamka kabla ya kengele. Siku tatu tumekaa darasani tukisoma ISO 19011 ya mwaka 2018, mwongozo wa kukagua mifumo ya usimamizi. Leo tunaingia kiwandani. Msambazaji mmoja wa vipuri vya chuma amekubali wanafunzi tumkague kwelikweli, naye mkufunzi atatufuata kimya.

Saa 2:00 asubuhi. Kikao cha ufunguzi, robo saa tu: tunakagua nini, kwa vigezo gani, kwa muda gani, na siri za wenyeji zitalindwa vipi. Huu unaitwa ukaguzi wa upande wa pili, yaani mnunuzi anamkagua anayemuuzia. Wa kwanza ni wa kujikagua wenyewe, wa tatu ni wa shirika la kutoa vyeti.

Saa 3:00. Mkufunzi alitusihi tusianze na makabati ya mafaili, tuanze na bidhaa. Nikaenda kwenye maboksi yaliyo tayari kupakiwa, nikachagua moja mwenyewe. Ukimwachia mwenyeji akuchagulie sampuli, utaona alichokuandalia. Kutoka namba ya boksi lile nikarudi nyuma: rekodi ya ukaguzi wa mwisho, mashine iliyokata, cheti cha chuma chenyewe. Mnyororo haukukatika popote, nami nikaandika hivyo. Mazuri nayo ni ushahidi.

Saa 5:00. Hapa ndipo siku yangu ilipobadilika. Nilimwendea fundi wa kupima nikamwambia, "Dada, naomba unionyeshe unavyopima kipande hiki." Sikumuuliza kama wanapima, maana swali hilo lina jibu moja tu. Kisha nikanyamaza. Kunyamaza ni kazi ngumu, ulimi unawasha. Akapima taratibu, akaandika, halafu akasema mwenyewe: "Kaliperi hii imerudi wiki iliyopita. Ilikuwa inasoma zaidi."

Nikaomba rekodi ya kaliperi hiyo, kifaa chake cha kupimia unene na upana. Ilikutwa ikizidisha kwa milimita 0.08, ikarekebishwa, ikabandikwa stika mpya. Kwenye mchoro, tofauti inayoruhusiwa kwa kipande kile ni milimita 0.05 juu au chini. Basi vile vilivyopimwa kabla haijarekebishwa vikoje? Hakuna karatasi iliyojibu. Kifungu cha 7.1.5.2 cha ISO 9001 ya 2015, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, kinataka hilo hasa: kifaa kikigundulika hakifai, uangalie kama vipimo vya nyuma vimeathirika, kisha uchukue hatua. Makundi matatu ya vipande yalipimwa kwa kaliperi ile kabla haijarekebishwa. Mawili yalishasafirishwa.

Saa 7:00 mchana. Chakula, haraka haraka.

Saa 8:00. Kuandika hoja, yaani maelezo ya takwa ambalo halikutimizwa. Nilianza hivi: "Kiwanda hakidhibiti vifaa vya kupimia." Mkufunzi akauliza nimeangalia vingapi. Sita, na vitano havikuwa na kasoro. Akaifuta sentensi yangu. Ya pili ilimtaja fundi. Akaifuta kwa ukali zaidi, na ninamshukuru: dada yule ndiye aliyetuonyesha tatizo, na hoja ikimwangukia yeye, hakuna atakayemwambia mkaguzi ukweli tena kwenye meza ile. Ya tatu ilibaki na mambo matatu tu: takwa, ushahidi wenye namba ya kaliperi na ya makundi, na pengo lililopo kati ya hayo mawili.

Tukabishana kama ni hoja kubwa au ndogo. Mwenzangu alisema ndogo, kwa kuwa ni kifaa kimoja. Mimi nilishikilia kubwa, maana bidhaa yenye shaka imeshatoka mlangoni. Kiongozi wa timu akaamua ni kubwa.

Saa 10:00 jioni. Kikao cha kufunga. Meneja wa ubora alisikiliza, kisha akasema, "Lakini kaliperi tulishairekebisha." Nikamjibu kwa heshima kwamba ni kweli, kaliperi imerekebishwa, vipande havijaangaliwa, wala utaratibu wa kuviangalia haupo. Akayasoma maandishi yangu mara mbili. Hakubisha tena.

Tulipokuwa tunavua viatu vya usalama pale mlangoni, nilimsikia kwenye simu na watu wa ghala, akiwasomea namba za makundi yale mawili.