Mwenyekiti, hilo halitaingia wiki hii

Katika mambo yote ya sprinti, yaani kutengeneza programu kwa vipande vifupi vya muda, linalonitoa jasho si vikao wala ubao wa vikaratasi. Ni kumwambia mzee wa watu, mwenyekiti wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), aliyenipigia Jumatano asubuhi akitaka ripoti mpya ya malipo: "Shikamoo mwenyekiti. Nimekuelewa, ila hilo wiki hii halitaingia."

Sisi ni timu ndogo, chumba cha ghorofani maeneo ya Kabwe, Mbeya mjini. Tunatengeneza programu ya kupokelea maparachichi kwa chama kimoja cha ushirika wilayani Rungwe: mkulima analeta mzigo, karani anapima, mkulima anapata meseji yenye kilo zake. Kazi tunaikata vipande vya wiki mbili mbili, na kila kipande ndiyo sprinti.

Utaratibu huu wa kufanya kazi kwa sprinti unaitwa Skramu. Mwongozo wake wa Ken Schwaber na Jeff Sutherland, toleo la 2020, unasema sprinti isizidi mwezi mmoja, na ikiisha moja nyingine inaanza papo hapo. Siku ya kwanza mnapanga. Kila siku mnakutana dakika 15, basi, mwenye hadithi ndefu aisubirishe hadi chai. Mwishoni mnawaonyesha wenye kazi mlichotengeneza, kisha timu inabaki yenyewe kujisema.

Kwenye kupanga ndiko watu wengi hulipua. Wanajaza kazi tu. Timu inatakiwa ikubaliane lengo moja kwanza, ndipo ivute kutoka orodha kuu, ya kazi zote zinazosubiri, zile za kulitimiza. Sprinti ile lengo letu lilikuwa karani aweze kupokea mzigo hata mtandao ukikatika. Lengo halichezewi hadi mwisho. Kazi zilizo chini yake mnaweza kuzipunguza au kuzibadili mkishajua zaidi. Ripoti ya mwenyekiti ni jambo jema, lakini haihusiani na mtandao kukatika, kwa hiyo nilimwomba aipitishe kwa katibu wa chama. Katibu ndiye tuliyekubaliana awe mwenye bidhaa: yeye peke yake hupanga kipi kiwe juu ya kipi kwenye orodha, na ndiye pekee anayeweza kuivunja sprinti, endapo lengo lake limepitwa na wakati.

Ukishamkatalia mzee, una deni. Watengeneza programu 17 waliokutana Snowbird, Utah, Marekani, Februari 2001 na kutoa Ilani ya Agile, tamko la kutengeneza programu kidogo kidogo, waliandika kwamba kipimo kikuu cha maendeleo ni programu inayofanya kazi. Mimi naongeza: inayofanya kazi mikononi mwa mtu mwingine. Kwetu kazi haiitwi imekwisha kabla ya kujaribiwa kwenye simu ya bei rahisi, data ikiwa imezimwa, na mtu ambaye hakuiandika.

Kwa hiyo siku ya onyesho tulipanda Noah hadi ghalani. Dada karani akazima data, akapandisha kreti tatu kwenye mizani, akaingiza namba, akasoma kioo. "Mbona imetoa kreti moja?"

Maelezo tuliyopewa yalisema toa uzito wa kreti. Hayakusema makarani hupanga kreti tatu tatu ili foleni isogee. Akapima tupu mbele yetu: kilo 1.8. Kreti mbili zisizotolewa ni kilo 3.6 kila mpimo, na chama kingekuwa kinanunua plastiki kwa bei ya parachichi. Mwenyekiti alikuwa amesimama pale pale. Katibu alipoiweka kazi ya kreti juu ya ripoti yake, hakusema neno.

Sprinti iliyofuata lengo likawa uzito halisi wa mzigo. Idadi ya kreti ilikuwa kazi nyepesi. Kilichotukaba ni kreti za mbao ambazo baadhi ya wakulima huja nazo: zikilowa mvua ya Tukuyu huzidi uzito, na hakuna namba moja ya kuzitosha zote. Tulikuwa tumepanga programu iukadirie uzito huo yenyewe. Katikati ya sprinti tukakaa na katibu, tukaitoa kazi hiyo: karani apime kreti tupu ya mkulima mwenye mbao, aingize namba kwa mkono. Inamchelewesha kidogo, lakini kilo ni za kweli na lengo likatimia. Ile ya kukadiria bado ipo kwenye orodha kuu, chini kabisa, na katibu hana dalili ya kuipandisha.