Gunia Lililokaliwa Wakati wa Rozari

Jumanne moja ya Oktoba 2024 ilikuwa zamu ya nyumba yangu. Mwezi huo jumuiya yetu ya Kikatoliki ilikuwa inasali Rozari kila jioni, nyumba kwa nyumba, na waliokuja walizidi viti. Nilitandika mkeka, nikaazima benchi kwa jirani, bado hapakutosha. Mzee mmoja akaangaza huku na huku, akaona gunia la korosho lililoegemezwa ukutani karibu na mlango, akalikalia. Korosho zikalia chini yake, kacha kacha, kama zinavyolia zikikauka sawasawa.

"Hizi zimeanikwa na mtu anayeijua kazi," akasema. Watu wakacheka.

Sikuzianika mimi.

Wa kusini mwa Tanzania hawana haja ya kuelezwa kangomba ni nini. Kwa wageni: kifuku, yaani masika, kikikolea, ghalani hamna kitu na shambani hakujaiva kitu, mwenye mikorosho anamwendea mwenye pesa. Anapewa shilingi chache leo, msimu ukifunguliwa analipa kwa kilo za korosho. Serikali inaipiga marufuku, nayo haifi. Mwaka 2018, jeshi lilipoletwa kubeba korosho na bei ikatangazwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima walihakikiwa kabla ya kulipwa. Binamu yangu, mwenye magunia kadhaa na asiye na mkorosho hata mmoja, alihamia kwa shangazi mpaka mambo yapoe. Tulimcheka sana. Mimi sijawahi kujiita mtu wa kangomba. Nina kiduka cha sukari, mchele na mafuta ya kupima, na nilichokuwa nafanya nilikiita kumsaidia jirani.

Jirani mwenyewe ndiye huyo mwenye benchi. Alinijia tarehe 14 Februari mwaka huo wa 2024, na tarehe siisahau kwa kuwa ilikuwa Jumatano ya Majivu, siku tunayopakwa majivu usoni kuanza Kwaresima. Mjukuu wake alikuwa amelazwa. Alitaka elfu sitini. Tukakubaliana kilo 40. Nilikuwa nimetoka kanisani muda uleule, na nilipokuwa nahesabu noti niliona ananitazama usoni.

"Leo mmepakwa," akasema. Yeye ni Mwislamu, lakini ameishi nasi miaka yote, anazijua siku zetu.

"Tumepakwa, bibi." Kisha nikamkumbusha korosho zisiwe na unyevu.

Wabenediktini, watawa wa Ndanda, walioko huku tangu 1906, wana kauli yao ya sala na kazi. Tangu utoto niliielewa kama zamu: hii ikiisha, ile inaanza. Majivu yalikuwa ya sala. Noti zilikuwa za kazi.

Sasa Jumanne hiyo ya gunia tukasali Matendo ya Uchungu, fungu la Rozari la siku hiyo, tukafika Baba Yetu ya tendo la kwanza. Sisi Wakatoliki tunasali "utusamehe makosa yetu". Makosa ni neno pana, mtu anaweza kujificha ndani yake bila kuonekana. Ila wifi yangu ni Mwanglikana wa Masasi, aliniachia Biblia yake ya tafsiri ya Union, na humo Mathayo 6:12 inasema hivi: "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Deni. Wadeni. Nilikuwa nimeisoma wiki ile ile, na sasa kila Baba Yetu iliponijia mdomoni kwa "makosa", sikioni ilifika kwa "deni", na mzee wa watu amekaa juu ya deni lenyewe, anatikisa mguu.

Injili ya Jumatano ya Majivu inatoka sura hiyohiyo ya sita, ila inaruka aya ya 7 hadi ya 15, kwa hiyo siku ile sala hii haikusomwa. Nilipogundua hilo nilifarijika kidogo, halafu nikaona haya kwa kufarijika.

Minada ya kwanza ya korosho ya msimu ule wa 2024 ilikuwa imepita shilingi 4,000 kwa kilo. Kilo 40 ni laki moja na elfu sitini, na zaidi. Hesabu hiyo niliipiga katikati ya Salamu Maria. Nikapoteza hesabu ya punje za rozari, ya pesa sikuipoteza.

Asubuhi nilipima. Kwa bei hiyo ya mnada elfu sitini yangu ni kilo 15, nikazitoa. Zilizobaki 25 nikazirudisha kwenye gunia lake, nikamtwika kijana, nikamfuata na benchi mkononi. Nilimkuta anapepeta.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu." Akaliona gunia, uso ukabadilika. Akatia mkono hadi kiwiko, akatoa korosho mbili za chini kabisa, akazigonganisha karibu na sikio. "Zina unyevu?"

"Hapana, bibi."

"Chafu?"

"Ni nzuri. Nimechukua zangu, hizi ni zako."

Ilibidi nieleze mara mbili, na mara ya pili nilijieleza vibaya kuliko ya kwanza. Nilitegemea shukrani, nisiseme uongo. Aliweka ungo chini, akakaa kimya.

"Na kifuku je?" akauliza. "Kama huoni faida, nikija kifuku utanipa?"

Nikasema nitampa. Nilijisikia nimejibu haraka mno, kama mtu anayefunga mlango. Nadhani naye alisikia, maana hakuitikia.

Badala yake akauliza, "Umepimia mzani gani?"

"Wa dukani. Mafungu mafungu."

Akaingia ndani, akatoka na mzani wa kuning'iniza wa mwanawe anayechuuza ufuta. Kijana akaufunga kwenye tawi la mwembe, tukalitundika gunia. Mshale ukacheza, ukatulia kwenye 24.

Bibi hakusema neno. Akaugonga mzani kwa kidole, mshale ukarudi palepale. Mzani wangu wa dukani ninao mwaka wa tatu sasa, na kila kilo ya sukari na mchele kijijini hapa imepitia pale.