Pauni 135 za Oxford Road

Jumapili usiku mtoto wa kaka yangu, yule anayesoma Leicester, huku Uingereza, alinitumia picha kwa WhatsApp: karatasi ya manjano ndani ya kimfuko cha plastiki, imebandikwa kwenye kioo cha gari lake, nyuma ya nyumba aliyopanga na wenzake. Pauni 100, au 60 akilipa ndani ya siku 14. Chini ya picha ameandika: "Shikamoo shangazi. Hii ni ya polisi? Nilipe?"

Nikampigia hapo hapo. Nikamwambia si ya polisi wala ya halmashauri, ni kampuni binafsi inayodai amevunja masharti ya kwenye kibao chao. Usilipe leo, na usiitupe. Toa mkataba wako wa kupanga, usome unasemaje kuhusu maegesho. Piga picha kibao na pale gari lilipokuwa. Waandikie kupinga, wakikataa kuna chombo cha rufaa. Mtoto msikivu, akaandika yote. Kisha akauliza, "Na mwenye nyumba nimwambie?"

Hapo nikanyamaza, akadhani simu imekatika.

Mliofika kwetu enzi za Oxford Road, Reading, mnakijua kile kiwanja nyuma ya jengo, kilichokuwa na mistari iliyofutika na namba zilizoandikwa kwa rangi nyeupe chini. Yetu ilikuwa namba 9. Imo kwenye mkataba, ukurasa wa pili: fleti "pamoja na nafasi moja ya kuegesha gari, namba 9". Kodi ya pale ilikuwa kubwa kuliko ya fleti tuliyoiona Whitley, na tuliikubali kwa sababu ya hiyo namba. Nilikuwa nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee nje ya mji, zamu inaanza saa mbili, na basi la kurudi asubuhi halikuwepo. Bila gari hakuna kazi, na bila mahali pa kuliweka hakuna gari.

Ilikuwa Februari 2011. Nilitoka zamu, nikapaki kwenye namba yangu, nikapanda juu kumwandaa binti yangu. Alikuwa na miadi ya kliniki ya masikio, miadi tuliyoisubiri tangu kabla ya Krismasi. Mume wangu alikuwa kazini tayari. Tuliposhuka ilikuwa kama saa mbili kasoro, barafu imeshika vioo vya magari yote, na gurudumu la mbele la Micra yetu limefungwa chuma cha manjano.

Binti yangu ndiye aliyesoma karatasi. Ilikuwa imegandishwa kwa gundi kwenye kioo cha upande wa dereva, naye akawa anaisoma kwa sauti kama wanavyofundishwa shuleni, neno baada ya neno: msijaribu kuliondoa gari, gharama ya kufunguliwa ni pauni 135, msipolipa litavutwa, na gharama ya kuvutwa na kutunzwa itaongezwa. Akanigeukia. "Mama, ila hii si ni tisa yetu?"

Sikuwa na haja ya kupiga simu. Gari lao dogo lilikuwa limesimama langoni, injini inanguruma, na mtu yumo ndani. Alishuka taratibu. Mkononi amefunga kitambulisho cha leseni, kwani wakati ule wafungaji walitakiwa wawe na leseni ya serikali, na yake ilikuwa halali kabisa. Niliitazama vizuri, jina na picha. Nikamwambia mimi mpangaji wa hapa, nafasi ni yangu. Akauliza stika ya kibali cha kuegesha iko wapi.

Stika ya zamani ilikuwa kwenye kioo. Kumbe kampuni inayosimamia jengo ilikuwa imebadilisha wafungaji mwanzoni mwa mwezi ule, na stika mpya zilitumwa kwa wamiliki. Wamiliki, si wapangaji. Yetu ilikuwa ndani ya bahasha kwenye nyumba ya mwenye fleti, huko Bournemouth, haijafunguliwa. Hilo nililijua baadaye. Asubuhi ile nilijua tu kwamba ninayo stika iliyobadilishwa bila mimi kuambiwa, na kwamba saa ya kliniki inakwenda.

Nikarudi juu mbio, nikashuka na mkataba. Nikamfungulia ukurasa wa pili, nikamwekea kidole penye namba. Aliusoma, tena kwa makini, nikaanza kupata matumaini. Kisha akanirudishia. "Huu ni wa wewe na mwenye nyumba wako," akasema. "Mimi wangu ni na jengo."

Mzee wa Kijamaika wa chini, Mungu amrehemu, alitoka na gauni lake la kulalia na koti juu, akasimama kati yetu na lile gurudumu. Akamwambia, "Huyu anaishi hapa. Namuona kila siku anarudi kazini." Yule mtu akajibu kwa heshima kabisa, "Sikatai, mzee. Sikatai kwamba anaishi hapa." Hiyo ndiyo sentensi iliyonikaa moyoni zaidi ya zote. Hakukuwa na ubishi wowote juu ya ukweli. Nilikuwa naishi pale, namba ilikuwa yangu, kodi nilikuwa nimelipa, na wote watatu tuliokuwa watu wazima pale uwanjani tulikubaliana. Chuma kikabaki pale pale.

Nikalipa. Mashine yake ya kadi haikushika mtandao karibu na ukuta, akawa anatembea nayo uwanjani ameiinua juu, mimi namfuata na kadi yangu, binti yangu ananifuata mimi. Ilishika karibu na mapipa ya taka. Nikabonyeza namba ya siri kwa vidole vilivyokufa ganzi, ikakataa, nikabonyeza tena, ikatoa risiti. Zile zilikuwa hela za umeme na za chakula cha wiki mbili.

Akatoa kipande cha boksi kwenye gari lake, akakiweka chini ili goti lisilowe, akapiga goti na kufungua. Alijua kazi yake. Chuma kilipotoka kiliacha mchubuko kwenye rimu, mwembamba, mrefu kama kidole. Binti yangu akamuuliza, "Sasa unakipeleka kwa nani?" Hakumjibu, ila aliniambia mimi, bila kunitazama, "Ipate hiyo stika leo, dada."

Kliniki tulichelewa, tukapewa miadi mingine ya Aprili.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Wakala aliyetupangisha alisema nizungumze na mwenye nyumba. Mwenye nyumba alisema nizungumze na kampuni ya jengo. Kampuni ya jengo ikasema haina mkataba na mimi, haiwezi kujadili jambo hili na mpangaji. Wifi yangu akanipeleka Citizens Advice, shirika la kutoa ushauri bure, akanipokea mama mmoja mtu mzima aliyeusoma mkataba kuliko nilivyowahi kuusoma mimi. Akanieleza kwamba mwenye nyumba amenikodisha nafasi ile, kwa hiyo ni juu yake kuhakikisha naitumia bila kusumbuliwa. Hasara ni yake, naye akadaiane na jengo. Akanionyesha pia kitu kilichonikera zaidi: ng'ambo ya mpaka tu, huko Scotland, mahakama ilikwisha kuamua tangu 1992 kwamba kufunga gari la mtu kwenye uwanja binafsi ili alipe ni kosa la jinai. Kisiwa kimoja, pasipoti moja.

Nikaandika barua. Ukurasa mmoja, kwa adabu, nikaambatisha risiti na nakala ya ukurasa wa pili. Mwenye nyumba alikubali bila ugomvi, akanikata pauni 135 kwenye kodi ya Machi, na stika ikaja kwa posta. Tulifurahi sana. Nilinunua samaki, nikapika wali wa nazi, tukamwita na mzee wa chini.

Mei ikaja barua nyingine, ya wakala. Notisi ya miezi miwili, kwa kile kifungu cha 21 cha sheria ya nyumba ambacho hakikumtaka mwenye nyumba ataje sababu. Na hakutaja. Kwenye simu wakala alisema anataka kuuza. Kibao cha kuuza kilibandikwa kweli, nilikiona kwa macho yangu. Tulipopita pale majira ya baridi kibao hakikuwepo na dirishani kulikuwa na mapazia mapya. Huenda aliuza. Huenda alipangisha watu wasioandika barua. Sina namna ya kujua.

Mwaka uliofuata sheria ikabadilika. Tangu tarehe 1 Oktoba 2012, kufunga au kuvuta gari kwenye uwanja binafsi bila mamlaka ya kisheria ni kosa England na Wales. Vyuma vikatoweka uwanjani, zikaja karatasi kama ile ya Leicester, kwa sababu sheria ile ile iliwaruhusu kumdai mwenye gari kwa barua. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliziunga mkono, ikasema pauni 85 kwenye maegesho ya maduka ya Chelmsford si nyingi kupita kiasi. Lakini 2016 jaji wa Oxford alimpa haki mkazi wa fleti aliyesimamisha gari mlangoni kwa dakika chache ashushe meza yake: haki aliyonayo kwenye karatasi zake za nyumba haifutwi na kibao cha ukutani. Niliposoma habari ile nilimpigia wifi yangu nikamsomea yote kwa simu. Na kifungu cha 21 nacho, sheria ya wapangaji ya 2025 imekuja kukiondoa. Nafurahi kwa ajili ya hawa watoto, nafurahi kwa dhati.

Ila sisi tulihama Julai ile. Tulipata fleti ndogo upande wa pili wa mji, bila maegesho, na binti yangu akaanza shule mpya Septemba bila rafiki hata mmoja. Mume wangu anasema mpaka leo tungenyamaza, pauni 135 zingesahaulika na nyumba ingebaki. Mimi namwambia haki ilikuwa yetu. Anasema anajua ilikuwa yetu. Tukifika hapo huwa hatuendelei.