Mashine ya boti ikianza kukohoa, tafuta hewa kabla hujagusa kabureta

Hii nawaandikia wenye mashine za boti za zamani, hasa zile Yamaha Enduro za kuchanganya oili kwenye petroli ambazo ukanda wetu wote huu, Tanga, Unguja mpaka Mafia, bado zinapiga kazi kila siku na nyingine zimeshapita kwa matajiri watatu wanne na kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, bado ipo. Mimi mashine hizi nazipenda kwelikweli na inaniuma kuona imetupwa nyuma ya banda la fundi imekamata pistoni (imekwama ndani ya silinda) wakati chanzo kilikuwa mpira wa petroli wa bei ndogo tu. Ukifuatilia nyingi kati ya hizo utakuta ziliuawa na hewa.

Wengi wakiambiwa kuna tatizo la mafuta wanatafuta tone, wanainama wanaangalia kama petroli inavuja, hawaoni kitu, basi wanasema paipu iko fiti. Sasa hapo ndo pa kuelewana. Pampu ya mashine inavuta petroli kutoka kwenye tangi, kwa hiyo ufa ukiwa upande wa kuvuta petroli haitoki nje, hewa ndo inaingia ndani, paipu inabaki kavu kabisa. Mashine itawaka vizuri, mwendo mdogo haina shida, ukitia moto wote, yaani ukiongeza mwendo mpaka mwisho, inaanza kukohoa, ukipunguza inatulia, na hapo mtu anakimbilia kubadili plagi. Na ubaya wa mashine za 2T, hizi za stroki mbili, ni kwamba oili inasafiri humohumo ndani ya petroli, petroli ikipungua oili nayo imepungua, pistoni inachemka huku haina cha kuilainisha, ndo inakamata mko katikati ya mkondo na watu wamekaa kimya wanakuangalia nahodha.

Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji karakana. Tafuta kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, kama urefu wa kiganja hivi, kiunge kati ya pampu ya mkono, lile puto la mpira la kukamua kwenye paipu ya petroli, na mashine alafu washa, tia moto mashine ikiwa na mzigo, uangalie. Petroli safi inapita imejaa bila kuonyesha kitu, ukiona mapovu yanakimbizana humo ndani basi hewa inaingia sehemu fulani kati ya tangi na hapo ulipoweka kipande. Ukimaliza kitoe, usikiache, maana mipira ile ya kupitishia maji, petroli na jua vinaikausha inakuwa kama kijiti na inapasuka penye klipu.

Pampu ya mkono yenyewe nayo inasema mengi. Ikamue mpaka iwe ngumu kabla ya kuwasha. Ikigoma kuwa ngumu, ama inavuta hewa, ama valvu zake za ndani zimechoka, ama sindano ya boya kwenye kabureta, ile inayozuia petroli bakuli likijaa, haifungi na petroli inamwagika huko mbele, hiyo utaisikia kwa harufu. Ikiwa ngumu vizuri lakini ukitembea inajibana yenyewe inakuwa bapa, basi mbele kunavuta ila nyuma hakutoi: fungua kwanza ile skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi, maana kuna watu wanaifunga petroli isimwagike wakipakia na wanaisahau, kisha angalia chujio la ule mrija wa ndani ya tangi. Na mashine ikikohoa ukakamua pampu ya mkono ikarudi nguvu papo hapo, anza kushuku pampu ya mashine.

Pampu hiyo ya mashine inaendeshwa na pumzi ya injini, pistoni ikipanda na kushuka inatikisa dayaframu, karatasi laini tu kama ngozi, na hiyo ndo inavuta petroli. Ikizeeka inakakamaa au inalegea, ikitoboka petroli mbichi inapita moja kwa moja kuingia kwenye injini kupitia tundu la pumzi, utakuta silinda moja plagi imelowa nyingine kavu. Ifungue uishike usawa wa jua uangalie. Seti ya dayaframu na gasketi zake badilisha tu ukinunua mashine ya zamani, usisubiri.

Mpira wa petroli wenyewe una hila yake. Kwa nje unang'aa, ndani ngozi imebanduka. Pasua mmoja wa zamani kwa wembe kwa urefu wake utaona kijikaratasi cheusi kimejikunja, ukikamua kwa mkono kinalala petroli inapita, mashine ikivuta kinasimama kinaziba. Ndo maana kupuliza mpira kwa mdomo ukasema hauna shida hakutoshi. Nunua mpira wa petroli hasa, wa milimita 8 ndani kwa mashine ya farasi 40, na zile oringi (pete za mpira) za kwenye konekta zibadilishe siku hiyohiyo, hewa nyingi inaingilia hapo. Kufunga na mpira wa tyubu mimi sikubali hata kidogo, petroli inaulainisha na kesho umelegea.

Kabureta sasa. Kama ni lazima uifungue, ile skrubu ya sailensa, ya kurekebisha mwendo mdogo, kabla hujaitoa ikaze taratibu mpaka mwisho huku unahesabu mizunguko, andika, ndo utarudishia hapohapo. Matundu ya jeti, vile vipande vidogo vinavyopima petroli, usiyachokonoe na waya, jeti ni shaba laini, tundu likipanuka hata kidogo mchanganyiko umeharibika moja kwa moja. Tumia mshipi wa nailoni, ule mwembamba wa kuvulia, unapita vizuri na haukwaruzi. Ule unga mweupe chini ya bakuli ni maji ya chumvi yamekula aluminiamu, usafishe wote.

Kuchanganya oili, Enduro nyingi ni petroli 50 kwa oili 1, yaani dumu la lita 20 linataka mililita 400, pima kwa chupa yenye alama. Ila ukikutana na mashine za Seagull za Uingereza zile kongwe, zenyewe zilitaka 10 kwa 1, lita 2 nzima kwenye dumu hilohilo, ukizipa kipimo cha Yamaha umeziua. Na mashine za Johnson au Evinrude za miaka ya 1950 zenye paipu mbili hazina hata pampu ya petroli, injini inasukuma hewa kwenye tangi na tangi linarudisha petroli, huko gasketi ya kifuniko cha tangi ikichoka tu hakuna safari. Kwa ndugu walioko Uingereza, tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida huko ni E10, ina ethanoli mpaka asilimia 10, inakula mipira ya zamani na inanyonya maji, badilisheni mipira yote iwe ya kuhimili ethanoli.

Kusi ikiingia na boti likipandishwa, usiache petroli kwenye kabureta miezi yote hiyo. Wengine wanachomoa paipu wanaacha mashine iunguze mpaka izime, mimi sipendi kwa sababu zile dakika za mwisho inazunguka na oili kidogo. Fungua skrubu ya chini ya bakuli, kinga kwa kopo, mwaga, funga, na paipu iweke kivulini.