Nilivyoandaa mashindano ya baleti ya watoto hapa Kampala, pesa ikawa nauli ya kliniki

Haya yote yalianza na viatu. Mdogo wangu ameolewa Nakasongola, wilaya iliyo kaskazini mwa Kampala, akajifungua mtoto wa kiume miguu yote miwili imepinda, nyayo zinaangaliana, yaani ukimpakata unaona unyayo umegeukia juu kama mtu aliyekunja kiganja. Kijijini maneno yakaanza, mara karogwa, mara mama yake aliruka kitu akiwa na mimba. Nesi mmoja ndo akamtuliza, akamwambia dada hii ni mguu kifundo, kwenye watoto elfu huzaliwa mmoja hivi au wawili, na inatibika bila operesheni kubwa ila uwahi na usiache njiani.

Matibabu yenyewe yaliniacha mdomo wazi. Kila wiki wanaukanda ule mguu polepole unasogea kidogo, wanaufunga plasta kuanzia vidole mpaka pajani, wiki ijayo wanaitoa, wanasogeza tena, wanafunga tena. Mara tano, sita hivi. Wengi wao mwishoni wanakatwa kidogo kano ya nyuma ya kisigino, plasta ya mwisho inakaa wiki tatu, ndo mtoto anaanza kuvaa viatu vyenye chuma katikati, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, baada ya hapo ni usiku na akilala mchana, mpaka afike miaka minne hivi. Njia hii ni ya daktari Ignacio Ponseti aliyekuwa Iowa, Marekani. Lakini vile viatu tunavyotumia huku vilibuniwa hapahapa Uganda na fundi wa Kiholanzi, Michiel Steenbeek, akavifanya kwa vitu vya kawaida kama ngozi na chuma ili mshona viatu na mchomea vyuma wa kawaida waweze kuvitengeneza. Hilo mi nalipenda sana.

Sasa mdogo wangu alikuwa anashukia kwangu siku za kliniki, siku moja kaviacha kitandani vile viatu. Vidogo mno, vimeachwa wazi mbele vidole vionekane, kamba nyeupe, chuma katikati kifupi kuliko rula ya shule, na ncha za viatu zote zimeelekezwa nje. Binti yangu ana miaka 11, anacheza baleti tangu ana sita. Akavitazama, akasimama palepale kando ya kitanda akakutanisha visigino na vidole kavigeuza nje, akaniambia, "Mama, si hii ni pozisheni ya kwanza?"

Nilikaa na hilo neno wiki nzima. Binti yangu na wenzake wa baleti wanahangaika miaka kugeuza miguu nje, na huyu mtoto wa mama mdogo anafungiwa chuma ili miguu yake igeuke hivohivo.

Na kilichokuwa kinatusumbua siyo dawa. Pale tulipokuwa tunamtibu plasta walikuwa hawatudai kitu. Kilichotushinda ni nauli, kutoka Nakasongola kuja Kampala kila wiki, mama na mtoto, basi, boda, chakula cha njiani, alikuwa anamaliza kama shilingi 50,000 kwa safari moja, na kuna wiki mbili hakuja kabisa, akaja wiki ya tatu mguu umeanza kurudi. Pale kwenye benchi nikawauliza wamama wengine, hadithi ni ileile. Mmoja kauza kuku wote. Mwingine kaja plasta tatu na hakuonekana tena, nesi anampigia simu haipatikani.

Kwa hivyo kabla sijamwambia mtu yeyote habari ya mashindano nilikuwa nimeshaamua pesa itanunua nini. Nauli. Siyo "afya ya watoto" kwa ujumla, nauli ya wiki sita ya mtoto mmoja, laki tatu. Wazazi wa darasa la baleti nilipowaeleza hivo hakuna aliyeuliza pesa itaenda wapi, swali likawa tutapata watoto wangapi.

Basi nikaanza. Mi sijui kucheza baleti, kwa hivyo mambo ya ufundi nilimwachia mwalimu wa binti yangu, mi nikashika karatasi na simu. Barua kwa mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, barua polisi, barua ya kuomba ukumbi wa shule moja wakati wa likizo ya muhula wa pili, fomu ya kila mzazi kukubali au kukataa picha. Hayo yanachosha ila yanaenda.

Sakafu ndo ilitutesa. Baleti ni kuruka, na ukumbi wa shule ni saruji na vigae, mtoto akiruka pale mara hamsini anaumia goti na mfupa wa mbele wa mguu, mwalimu akasema waziwazi bila sakafu ya kunesa yeye haleti mtoto hata mmoja. Za kukodi bei haishikiki. Tukaenda kwa fundi seremala, tukamweleza tunataka mbao inayorudisha mguu, akafikiri, akatukatia vipande vya raba kutoka matairi ya zamani, akavipigilia chini ya fremu, juu plaiwudi, kisha juu kabisa tukatandika ile kapeti ya plastiki ya kuzuia kuteleza. Mwalimu akavua viatu akaruka, akaruka tena, akatulia, akasema "hapo". Shilingi 780,000 pamoja na ufundi, na mbao bado ninazo, zitatumika tena.

Ijumaa jioni tunakunjua ile plastiki, jamani, imejaa makunyanzi. Ilikuwa imekunjwa kama shuka badala ya kuviringishwa. Kunyanzi moja tu mtoto anajikwaa. Tukaivuta, tukaikalia, wapi. Mlinzi wa shule, mzee wa makamo, akatuangalia mpaka akachoka akasema wanangu hiyo kesho asubuhi itoeni juani kwanza. Jumamosi saa moja asubuhi tukaitandaza uwanjani, jua la saa mbili na nusu likaipata, ikalainika ikalala yenyewe, tukaiingiza ikiwa bado ina joto tukaibana pembeni kwa selotepu pana. Watoto wa kwanza walikuwa wameshaanza kunyoosha viungo nje kwenye nyasi.

Nirudi nyuma kidogo kwenye pesa. Kampuni moja ya vinywaji ilituahidi milioni tano. Tukafurahi mno, nikawa nimeshazipangia kichwani. Wiki mbili kabla wakaleta sharti: watoto wote wapande jukwaani mwishoni na fulana zao, kila mtoto ameshika chupa ya soda yao. Kwenye shughuli ya afya ya watoto! Nikapeleka kwa wazazi wenzangu tukajadili mpaka saa nne usiku, wengine wakasema milioni tano ni watoto kumi na sita wanapata nauli, tukubali tu. Na hesabu yao ilikuwa sahihi, siwezi kusema ilikuwa ya kijinga. Lakini hawa ni watoto wa watu, hawakuja kufanya tangazo, na kura za wengi zikasema hapana. Nikaandika barua ya kukataa kwa heshima. Bado inaniuma, na bado naona tulifanya sawa.

Kanuni za mashindano tuliziiba kwa wakubwa. Kule Uswisi kuna Prix de Lausanne, ipo tangu 1973, ya vijana wa miaka 15 mpaka 18, na majaji wao wanawaangalia washindani darasani pia, siyo jukwaani peke yake. Mwalimu akasema na sisi tufanye hivo, asubuhi darasa la pamoja mbele ya majaji, mchana solo, yaani kila mtoto anacheza peke yake. Ilisaidia sana kwa sababu kuna mtoto mwenye gauni zuri na solo aliyokaririshwa, na kuna mtoto kaja na kaptula ya michezo lakini ukimrekebisha kitu mara moja anakishika. Darasani wa pili ndo anaonekana. Gauni tuliziwekea mipaka, suti nyeusi ya kubana na sketi ya neti basi, wengi walinunua neti kwenye maduka ya vitambaa ya Kiyembe wakashona wenyewe.

Majaji walikuwa watatu, na Kampala baleti ni watu wachache, kila mmoja anamfundisha mtoto wa mwenzake. Tukaweka kwamba jaji hamwekei alama mwanafunzi wake, wanachukuliwa wale wawili wengine wastani wao. Watoto walivaa namba, hakuna jina la mtu wala la shule, na mzazi mmoja ambaye ni mwalimu wa hesabu ndo alijumlisha kwenye daftari, kila ukurasa umesainiwa na majaji wote.

Kanuni iliyonigombanisha ni ya viatu vya kusimamia vidole. Chini ya miaka 12, hapana. Mifupa ya mguu wa mtoto bado inakua, kifundo cha mguu hakijapata nguvu, na hata aliyefikisha umri anatakiwa awe na miaka kadhaa ya mazoezi nyuma yake. Asubuhi ile akaja mama na binti wa miaka tisa, viatu vya pinki vinang'aa, riboni zimefungwa vizuri.

"Nyabo (bibie), hivi shangazi yake kamletea toka London. Mtoto kajifunza mwezi mzima. Unataka nimwambie nini?"

Nikamwambia mama naomba unisikilize, mwambie atacheza, tena solo yake ileile, ila na viatu laini. Akasema kanuni zetu ni za wivu. Nikamwitia mwalimu, akachuchumaa akamvua mtoto kiatu kimoja taratibu, kucha ya kidole gumba ilikuwa nyeusi. Hakusema neno, akamwangalia mama tu. Mtoto akacheza na viatu vya kuazima, akacheza vizuri tu. Mama yake mpaka leo tunasalimiana kwa mbali.

Ule mguu wenyewe wa wagonjwa hatukuuonyesha. Watu walinishauri nimpandishe mtoto wa mdogo wangu jukwaani na plasta zake watu waone huruma, picha zitasambaa, pesa itaingia. Nikakataa katakata. Atakua, atasoma, hiyo picha itakuwa inamfuata. Badala yake mlangoni tuliweka meza, juu yake jozi moja ya viatu vya chuma tuliyoinunua mpya, na karatasi imeandikwa mtoto anavaa saa 23 kwa siku. Basi. Kila aliyeingia alivinyanyua. Wababa hasa, walikuwa wanavipimia kiganjani, kiatu kinaishia katikati ya kiganja, wananyamaza, wanatoa pochi.

Walishindana watoto 43, wa hapa Kampala, wa Entebbe na Jinja, makundi matatu ya umri. Umeme ulikatika mara mbili lakini jenereta tulishaiwasha toka saa sita kwa sababu huo mchezo tunaujua. Mshindi wa kundi la kati alikuwa yule wa kaptula ya michezo. Binti yangu alitoka wa tano, akalia kwenye gari mpaka Wandegeya, akanyamaza, akaomba roleksi, ile chapati ya kuviringishia mayai.

Hesabu nilizibandika ukutani pale ukumbini Jumapili na nikazituma kwa kila mzazi. Ada ya washindani 40,000 kila mmoja, 1,720,000. Tiketi 310 za 20,000, 6,200,000. Chai na sambusa 640,000. Meza ya mlangoni na waliotuma kwa simu 2,310,000. Jumla 10,870,000. Matumizi: ukumbi 1,500,000, sakafu 780,000, medali na uchapishaji 420,000, jenereta na mafuta 350,000, usafiri wa majaji 300,000, yote 3,350,000. Ikabaki 7,520,000. Laini ya simu ya kupokelea ilikuwa mpya, ya kazi hiyo tu, wazazi watatu tunaifungua pamoja, na kama utafanya kitu kama hiki naomba sana usipokelee kwenye namba yako mwenyewe hata kama watu wanakuamini.

Tukaandikisha watoto 22, laki tatu kila mmoja, 6,600,000, na 920,000 tukaiweka kwa safari za ziada, maana kuna anayehitaji plasta nane na kuna viatu vya kubadilisha mguu ukikua.

Nilidhani kazi imeisha, kumbe kuigawa ile nauli nayo ni kazi. Mwanzo tulituma 50,000 kwa simu siku moja kabla ya kliniki. Wiki ya kwanza wamama wanne hawakuja. Kumbe laini siyo zao, ni za waume au shemeji, pesa imeingia ikaishia hukohuko, na mama anaona aibu kusema. Tukafikiria nesi awape wakifika, lakini sasa watafikaje bila nauli? Tukagawa: ya kuja inatumwa jioni ya kabla, ya kurudi na chakula anapewa mkononi pale kliniki akishafungwa plasta, anasaini. Na wale wanne tukatafuta kwa kila mmoja mtu wake anayemwamini, mmoja ni mama mkwe, mmoja ni mwenye duka la jirani, pesa inapita kwao. Watatu kati ya wanne wakarudi.

Sasa tupo wiki ya tano. Kumi na tisa wameshasaini jana, wawili walitoa taarifa mtoto ana homa watakuja kesho kutwa. Huyo mmoja simu yake inaita tu haipokelewi. Nimepata namba ya mwenyekiti wa kijiji chao, nampigia leo jioni akitoka shamba.