Kichwa Kinapolalia Upande Mmoja

Tangu paka wetu aanze kutembea kichwa kikiwa kimelalia upande wa kushoto, nimeitafakari sana dalili hii, ambayo huwapata watu na wanyama kwa sababu zinazotofautiana kabisa. Daktari wa mifugo alimshika taya, akanionyesha mboni za macho zikisogea polepole upande mmoja, kisha zikirudi kwa kasi bila kutulia. Shingo yake ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa sikioni. Uambukizi ukipenya hadi sikio la ndani, penye kiungo cha kutunza usawa wa mwili, ubongo hupokea taarifa zinazopingana, na mnyama huinamia upande unaoumwa, hupepesuka, hutapika na kususa chakula. Kwa mbwa wazee hali hii huweza kuzuka ghafla bila chanzo kujulikana, kisha ikapungua yenyewe ndani ya wiki chache, kwa hiyo naumia nikisikia mtu ameharakisha kumuua mbwa wake. Kuku akipinda shingo ni jambo jingine, kwani huenda ni kideri, na hapo chanjo ya mapema ndiyo kinga.

Fikra zangu zimehamia kwa mwana wa mdogo wangu, mwenye miezi miwili, ambaye kichwa chake huinamia kulia na kidevu kuelekea kushoto. Bibi yake anasema, "Amelalia vibaya tu, mwanangu." Hata hivyo, mkao huo ndio hutokea msuli utokao nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga unapokuwa mfupi, na mazoezi ya kuunyoosha, yanayofundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, hufaa zaidi yakianza katika miezi ya mwanzo. Mtoto mkubwa kidogo ambaye shingo yake hugeuka vizuri, lakini huinamisha kichwa kila anapotazama kitu, apimwe macho, maana huenda anaepuka kuona vitu viwili viwili.

Mtu yeyote ambaye kichwa chake kimepinda ghafla, pamoja na homa, maumivu makali ya kichwa, udhaifu wa mkono au ugumu wa kusema, au baada ya kuanguka, awahishwe hospitali. Mdogo wangu nimemsihi ampeleke mtoto kliniki wiki hii hii, na bibi nimemwomba kwa heshima asimkande shingo kabla daktari hajaipima.